Vitabu vya Koma

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nzima kwenye kabati la vitabu. Nimeshusha rafu ya juu, nimepangusa kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu. Mia moja arobaini na tatu sasa! Vyote vya jamii moja: tabia, nia, kujitawala, kuamka mapema, kusema kweli. Kilicho kipya kuliko vyote kinanizidi umri kwa mwaka mmoja, nami nina sitini na moja.

Wadudu wametoboa *Jitawale Kwanza*. Vitundu vitatu, kama ncha ya sindano. Wameingilia sura ya subira, wametokea sura ya kiasi. Nimecheka peke yangu.

Vitabu vya siku hizi vya namna hii vinapiga kelele — fanikiwa! siku thelathini! Hivi vya zamani vinasema polepole, kama mjomba aliyevuta kiti akakaa. Halafu kuna kurasa za mwanzo. Hizo ndizo hasa ninazozitafuta. "Kwa mwanangu, siku ya kuanza kazi." "Zawadi ya usafi, darasa la nne." Wino umekuwa rangi ya chai. Kila aliyeandika hapo alikuwa na matumaini na mtu fulani.

Mke wangu amepita na ndoo. Ameuliza kama katika vyote hivyo kuna hata kimoja kinachofundisha mwanamume kukamua tambara la kudekia. Nimemjibu bado sijafika sura hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Bi Vumbi kapiga simu kabla sijamaliza chai. Yule wa duka la vitabu vilivyotumika. Jina lake la kweli silijui. Vumbi la duka lake ndilo lililombatiza. Njoo haraka, anasema, kuna boksi la watu wa aina yako. Watu wa aina yangu! Limetoka nyumba moja, mwenyewe macho yamekufa, binti yake kaona vinakaa bure.

Nimekwenda mbio kama kijana. Vitabu kumi na tisa, vimevalishwa karatasi ya kaki, pembe zimekunjwa sawasawa. Aliyevitunza alijua kazi. Na *Mtu na Neno Lake* kimo! Miaka ishirini nakitafuta. Chapa ya kwanza, jalada la kijani, hakuna hata ukurasa uliolegea. Nikajishika kaunta. Bi Vumbi akanionya nisizimie dukani kwake, hana maji.

Kurasa za mwanzo sikuzifungua pale. Huwa naziweka akiba, nizifungulie nyumbani.

Nimefika. Nimenawa. Nimekaa. Nimefungua.

Naujua mwandiko ule. Umelalia kushoto, kama mtu anayetembea dhidi ya upepo.

Ni vya Koma.

Alhamisi, 6 Machi

Sikuvigusa. Boksi liko chini ya meza. Nimekula nikiwa nimeligeuzia mgongo.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike tu. Humu hasomi mtu.

Koma alikuwa mkuu wetu wa chumba cha prufu, zile karatasi za kusahihishwa kabla ya kuchapa, kule kiwanda cha uchapaji. Jina alilopewa na wazazi wake silitaji. Kiwanda kizima kilimwita Koma kwa sababu hakuna sentensi iliyopita mbele yake bila kusimamishwa. Mimi nilikuwa msahihishaji wake mdogo. Saa nne, chai ikija, alitoa kitabu mfukoni mwa koti akasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Mmoja tu. Kitabu cha tabia. Wengine walimcheka. Mimi nilisikiliza. Ugonjwa huu wa vitabu, yeye ndiye aliyeniambukiza.

Mwaka ule tulikuwa tunachapa mtihani wa mwisho wa shule. Sheria ilikuwa imebandikwa mlangoni: prufu haitoki. Jioni kila mmoja anarudisha zake, Koma anahesabu, anatia sahihi daftarini. Mke wangu alikuwa hospitali, uchungu umeanza. Nilikuwa na prufu ya karatasi ya hesabu, sijaimaliza. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nimalizie kule kwenye benchi. Koma akauliza: zimo zote? Nikasema: zimo zote. Akaniambia kimbia, mkeo anakungoja. Akatia sahihi bila kuhesabu.

Bila kuhesabu. Mara hiyo moja katika maisha yake.

Mapacha walizaliwa alfajiri. Ile karatasi sikuiona tena — ilianguka hospitali, njiani, sijui. Siku kumi baadaye mtihani ulikuwa mikononi mwa watu mitaani.

Sahihi ilikuwa ya Koma. Na Koma alikuwa na binti mmoja, na binti alikuwa afanye mtihani huohuo mwaka huohuo. Watu hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Baba kauiba mtihani kwa ajili ya mwanawe! Alifukuzwa. Wanafunzi wengine walitungiwa mtihani mwingine. Yule binti alizuiwa asiufanye, mwaka ule na daima.

Walipomhoji mbele yetu alisema: sahihi ni yangu. Basi. Hakumtaja mtu. Mimi nilisimama hatua nne kutoka kwake, na mfukoni mwangu mlikuwa na peremende za kugawa kwa sababu ya mapacha.

Miezi mitatu baadaye nilipewa kiti chake. Mto wake ulikuwa bado juu.

Kitabu cha kwanza nilikinunua mwaka huo. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba navipenda. Labda navipenda kweli. Lakini mia moja arobaini na tatu!

Jumamosi, 8 Machi

Nimepiga moyo konde, nimekisoma kile cha kijani. Koma alisoma na penseli mkononi, kama kawaida yake. Ukurasa wa kumi na mbili kaona herufi iliyopinduka, kaitia alama — kitabu cha kununua, si prufu, lakini hakuweza kujizuia.

Kisha sura ya sita, "Ulimi na Ukweli." Pembeni, kwa penseli, ameandika:

*Alisema zimo zote. Niliamini.*

Chini yake: *Atasema mwenyewe. Nimpe mpaka Ijumaa.*

Chini yake: *Ijumaa.*

Chini yake: *Ijumaa.*

Halafu hakuna kitu mpaka mwisho wa kitabu. Hata herufi zilizopinduka hakuzitia alama tena. Nimezitafuta. Ziko mbili.

Alijua. Siku zote hizo alijua, akaningoja.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mke wangu. Tumeoana miaka thelathini na moja, na hili hakuwa analijua. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza, kisha akalikunjua shati moja akalikunja upya.

Nilitaka kujieleza. Nikamwambia nilikuwa na watoto wawili wachanga, kazi ingepotea, tungekwenda wapi. Akaniuliza: kwa hiyo ulinyamaza kwa ajili yetu? Nikasema ndiyo.

"Mimi sikukuomba," akasema. "Na watoto walikuwa hawajajua hata kushika kichwa. Usitutie humo."

Baadaye, akiwa amesimama mbele ya kabati, kama anajisemea: miaka yote hii nafuta vumbi la vitu hivi, nikidhani nimeolewa na mtu anayependa kusoma.

Hakula na mimi leo. Hakununa, hakugomba. Alichukua sahani yake akaenda kukaa kwa jirani.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda.

Bi Vumbi alinielekeza bila kuuliza. Nyumba ndogo, mlango wa bluu, chumba cha mbele ni cha kushonea. Mashine moja, marobota ya kitambaa cha sare, vipande vya chaki. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Alizitoa pini kwanza ndipo akaniamkia.

"Shikamoo, mzee."

Marahaba yangu ilitoka kama kikohozi.

Nilijitia hamnazo. Nikamwambia mimi ndiye niliyenunua vile vitabu, nimeona mwenyewe alivipenda sana, basi kama si usumbufu naweza kuja kumsomea. Ni kweli, na ni uongo pia. Alifurahi! Aliita kuelekea ndani:

"Baba! Kuna mzee amekuja, anataka kukusomea vitabu vyako."

Sauti ikatoka ndani: "Asome."

Koma amekonda. Macho yamefunguka lakini hayashiki kitu. Shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, kama zamani. Hakuuliza jina langu. Nilichagua kitabu kingine, *Mazungumzo na Kijana Anayeanza Kazi*, nikaanza ukurasa wa kwanza. Sikumaliza aya mbili akainua kidole.

"Umeruka mkato."

Nikarudia. Nikauweka mkato.

"Sasa sawa," akasema. "Endelea."

Nilisoma kurasa nne. Jasho limenilowesha mgongo mzima. Anajua ni mimi. Najua anajua. Binti alituletea maji, akasema amefurahi baba amepata rafiki.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesoma tena. Nimekwenda nimekata shauri kusema, nimerudi sijasema. Koma alisikiliza tu, mikono magotini. Nilipofunga kitabu aliuliza kama kile cha kijani ninacho. Nikasema ninacho. Akasema, siku nyingine basi.

Nikiwa natoka binti yake aliona kifungo cha koti langu kinaning'inia. Akanikalisha kwenye kigoda, akakishona nikiwa nimelivaa. Alikuwa karibu kiasi cha kumsikia anavyovuta pumzi. Akizungusha uzi alikuwa anapiga soga. Alisema shuleni alikuwa mkali wa hesabu, mwalimu alikuwa akimpa chaki afundishe wenzake. "Sasa hesabu yangu imeishia viunoni mwa watu," akasema, akacheka kwa dhati, bila uchungu wowote. Ningependa angekuwa na uchungu.

Nikauliza — kwa nini niliuliza? — kama hakupata kutaka kuolewa, kwenda kwake.

Akakata uzi kwa meno. Akasema kwa sauti ya chini, ili ndani isisikike, kwamba baba yake zamani alimfanyia jambo kubwa. Lilikuwa kosa, watu waliumia, yeye mwenyewe aliumia. Lakini alilifanya kwa ajili yake. "Mtu akikupenda mpaka akaharibu jina lake, mzee, utamwachaje?"

Kifungo kimeshikilia barabara. Nimekigusa njia nzima.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu ameuliza: umeshasema? Nikasema bado.

"Basi hata chai usiniombe."

Nimejipikia. Imekuwa nyepesi mno, nimeinywa hivyohivyo.

Jumatano, 19 Machi

Saa tano asubuhi. Binti alikuwa amekwenda kununua uzi. Nimekwenda na kile cha kijani.

Nilianzia sura ya sita moja kwa moja. Nilisoma maandishi yaliyochapwa, aya ya kwanza, ya pili. Nikafika pale kwenye penseli, nikaruka, nikaendelea na aya ya tatu.

Kidole kikainuka.

"Umeruka."

"Ni ya pembeni hayo."

"Nayajua ni ya pembeni. Niliyaandika mimi. Yasome."

Nikayasoma. Alisema zimo zote, niliamini. Atasema mwenyewe, nimpe mpaka Ijumaa. Ijumaa. Ijumaa. Kuyasema kwa sauti yangu mwenyewe, mbele yake! Ile ya mwisho haikutoka yote. Kisha nikaweka kitabu chini nikamwambia. Karatasi, mfuko, benchi la hospitali, zile hatua nne. Nikamwambia nilisema uongo na nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kukubwa zaidi. Sikuwataja mapacha.

Nje mtu alikuwa anapiga misumari.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumatano."

"Si Ijumaa." Kama tabasamu, kama si tabasamu. "Zikawa nyingi zile Ijumaa. Mwishowe nikaacha kuzihesabu, zilikuwa zinanimaliza."

Nikamwomba msamaha. Akanijibu kwamba alishanisamehe mwaka wa tatu au wa nne, hakumbuki vizuri. Aliamka siku moja akakuta hasira haipo, kama jino lililong'oka lenyewe. Lakini hilo ni langu na lako, akasema. Kuna la huyu mtoto.

Nikauliza kwa nini hakunitaja siku ile. Akasema alitaka kuona kama kurasa za saa nne zilikuwa zimeingia mahali popote. Alikuwa na kiburi cha mwalimu. Na kwamba alidhani ni siku mbili tatu tu. Hakujua kama watamshika hata binti yake. Walipomshika, aliposema si yeye, hakuna aliyesikiliza tena — mtu aliyefukuzwa anasema nini isipokuwa hivyo?

"Hata kwake nilisema," akaniambia. "Mara moja. Nikamwambia mwanangu, mimi sikuichukua. Akanipapasa bega, akasema sawa baba. Kama unavyomwambia mtoto aliyesema ameona simba chooni. Tangu hapo ananitunza kwa kosa nisilolifanya. Ananipikia, ananinyoa, ananishonea. Nikilitoa hilo kosa, sijui chini yake kitabaki nini. Ndiyo maana sikurudia. Naogopa, unaelewa? Mimi pia nimenyamaza."

Nikauliza anataka nifanye nini.

"Mimi nikimwambia ni utetezi. Wewe ukimwambia ni habari."

"Akitufukuza wote wawili?"

"Basi atakuwa amefanya akijua."

Akanyoosha mkono. Nilidhani ananipa mkono, nikaupokea. Kumbe alikuwa anataka kitabu. Nikampa. Akakipapasa mgongo, akakishika kifuani, akaniambia niende, binti asinikute na uso huo.

Alijuaje nina uso gani?

Alhamisi, 20 Machi

Nimemsimulia mke wangu yote. Amesikiliza amesimama. Mwishoni ameweka birika jikoni. Vikombe viwili.

Kisha akauliza: na yule dada, umri gani? Arobaini na sita, nikasema. Akahesabu kwa vidole. Akasema, wetu walipoanza shule, yeye alikuwa ishirini na nne. Walipomaliza, thelathini na tano. Alikuwa anawashonea sare watoto wa watu.

Amekaa na kikombe mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia hapahapa kwao, sebuleni, daftari juu ya goti. Siwezi kukaa mikono mitupu.

Nimefika saa tatu. Nimemwambia binti nina maneno naye, si na baba. Amenitazama kidogo. Ana mteja, mama mmoja na sketi ya shule ya kupunguza kiuno. Nipe dakika kumi, mzee wangu, amesema. Mzee wangu!

Koma yuko chumbani. Mlango ameuacha wazi upana wa mkono. Redio ameizima. Tumesalimiana tu, hatukuongeza neno.

Nimejaribu kupanga la kuanzia. "Dada, mimi nilifanya kazi na baba yako." Hapana, linachelewesha. "Baba yako hakuiba." Hilo linamhusu yeye, linanificha mimi. Miaka thelathini nimesahihisha sentensi za watu, na hii moja siipati. Ianze na mimi. Mimi nilichukua. Mimi nilisema zimo zote. Kitenzi kikae karibu na mtendaji — Koma mwenyewe alitufundisha.

Mteja anataka zipu mpya vilevile. Mashine inakwenda, inasimama, inakwenda.

Nawaza kuondoka. Niandike ukweli: nawaza. Mlango wa mbele uko wazi, viatu vyangu viko pale. Ningesema nimekumbuka jambo. Angenisindikiza, angesema karibu tena. Angeendelea kumpenda baba yake kwa njia ileile, kila mtu angekula chakula chake cha mchana. Nani ameniambia kweli yangu itamfaa? Huenda inanifaa mimi tu.

Lakini alikuwa mkali wa hesabu. Alipewa chaki. Na anaamini mtu aliyempenda ndiye aliyemnyang'anya.

Mteja ameondoka.

Amekuja. Amesimama mlangoni, futi shingoni. Ameuliza naandika nini hivyo, kama karani wa mahakama. Nikasema mambo yangu. Kisha nikajisikia nasema: na yako yamo.

Uso wake ulibadilika kidogo, kisha akacheka. "Yangu? Mzee, una mambo! Basi nisomee. Si wewe ndiye msomaji wa nyumba hii?"

Nikasema nitakusomea. Nikasema itabidi ukae.

Hakucheka tena. Amesema ngoja anawe, mikono ina mafuta ya mashine. Amekwenda uani.

Nimerudi nyuma mpaka tarehe saba, pale nilipoandika habari ya ile karatasi. Nimeweka kidole hapo huku naandika hapa. Kule chumbani kitanda kimelia; Koma ameinuka kukaa. Bomba la uani linatiririka. Anasugua sana — mafuta yale hayatoki upesi.

Bomba limefungwa.